Kabla hujamwita asiyeamini mpumbavu: maneno machache ya karani wa mahakama (uzi mrefu)

Karani wa Nyanza

Wakuu, habari za jioni. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita, lakini ule uzi wa wiki jana, wa "wanaomkana Mungu wana kiburi tu", umenikaa kooni kama mwiba wa ngege. Waliochangia karibu wote walisema jambo moja: ushahidi upo tele, jua linachomoza, mtoto anazaliwa, asiyeona amefumba macho makusudi. Nilianza kujibu nikiwa kwenye matatu pale Kondele, simu ikazima. Leo nimekaa na chai, acha nijibu vizuri.

Kazi yangu ni ukarani wa mahakama, upande wa kutafsiri. Miaka 19 sasa nasimama kati ya hakimu na kizimba, nachukua Dholuo naweka Kiswahili, nachukua Kiingereza cha wakili naweka Dholuo. Ni muumini, Mwanglikana, kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Nalisema mapema ili nisiulizwe niko upande gani.

Kazi hii imenifunza kwamba neno "ushahidi" halisimami peke yake. Ushahidi wa nini, mbele ya nani, kwa kipimo kipi? Kwenye kesi ya jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Kwenye kesi ya madai, ya deni au mpaka wa shamba, inatosha mizani iiname kidogo upande mmoja. Nimeona ushahidi ule ule ukishindwa kumfunga mtu kwenye kesi moja, kisha ukamlipisha kwenye nyingine. Sasa msikilizeni mchungaji akibishana na kijana wa chuo. Mchungaji anaongea kama mtu wa kesi ya shamba. Kijana anaongea kama wakili wa mshtakiwa wa mauaji. Hawako chumba kimoja, na hakuna anayejua.

Chukueni hiyo hoja ya jua na mtoto. Sisi tunauita ushahidi wa mazingira: hakuna aliyemwona mtu akitenda, ila alama zinaelekea kwake. Mahakimu hawachoki kutaja kesi ya Kipkering arap Koske, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1949. Kanuni yake kwa ufupi ni kwamba alama zote zisiwezekane kabisa kupatana na mshtakiwa kuwa hana hatia, na pasiwe na maelezo mengine ya maana yanayoweza kuzieleza. Ni kipimo kigumu. Kwa karne nyingi hoja ya maumbile ilikuwa ikikipita bila jasho, maana nani alikuwa na maelezo mengine ya jicho la kuku? Mwaka 1859 Darwin akaleta maelezo mengine. Huyapendi? Sawa, lakini arap Koske haulizi kama unayapenda, anauliza kama yanaweza kusimama. Yakisimama, alama ile peke yake haimtoshi tena mtu anayetumia kipimo kile. Hajafumba macho. Amefanya kile ambacho wewe mwenyewe ungeomba hakimu afanye kama ungekuwa wewe kizimbani.

Halafu kuna shahidi mwenyewe, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kwa Dholuo shahidi ni *janeno*, kutokana na *neno*, yaani kuona. Janeno ni mtu aliyeona. Kila siku nacheka moyoni kwa sababu neno hilo hilo kwa Kiswahili ni usemi. Kanisani tunapewa Neno la Kiswahili. Ndugu yangu mdogo alikuwa anataka neno la Kijaluo.

Huyu ndugu yangu ni fundi wa pampu za kuvuta maji, kazi yake iko mashamba ya mpunga kule Ahero. Bintiye alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku kwetu wengi huuita sikoseli, na familia nyingi za Nyanza zinaujua ugonjwa huo kwa jina na kwa sura. Mtoto alikuwa akimeza dawa zake, foliki na kapsuli, kila siku. Baba yake alikuwa na daftari la jalada la samawati, anaandika humo tarehe za maumivu, za homa, za kuongezewa damu. Mwandiko wa fundi, namba kubwa kubwa.

Wifi yangu akampeleka mtoto kwenye maombi ya kanisa fulani. Mhubiri akamwekea mikono, akatangaza kwamba damu imebadilishwa, akamwambia mama mtu kuwa kumeza dawa baada ya hapo ni kumwonyesha Mungu hatumwamini. Jumapili iliyofuata wifi akapanda jukwaani kutoa ushuhuda. Nilikuwepo, nilialikwa. Mtoto alikuwa na gauni la manjano, amesimama kwa mguu mmoja, anajikuna kigimbi na kiatu cha mguu wa pili. Watu wakashangilia. Mimi pia nilipiga makofi.

Wiki mbili baadaye maumivu yakamshika kifuani usiku. Kabla gari halijapatikana alikuwa ameshatuacha.

Watu hudhani kifo ndicho kilichomtoa ndugu yangu kanisani. Hapana, sisi tumezika wengi na tukaendelea kuimba. Mwezi uliofuata alirudi pale akaomba dakika mbili jukwaani, aseme tu kwamba ule ushuhuda haukuwa kweli. Wazee wa kanisa wakamwambia atavunja watu imani. Video ya ushuhuda ilikuwa bado kwenye ukurasa wao, watu wanaandika amina chini yake. Akaniambia tukiwa chini ya mwembe, mikono imejaa grisi: "Dada, nikitengeneza pampu ya mtu nikasema imepona, kesho ikakataa, narudi. Hata usiku narudi. Hawa wanasema wamemwona Mungu, na hakuna anayerudi."

Mahakamani shahidi akishamaliza kueleza, wakili wa upande wa pili anasimama. Ulikuwa umbali gani? Taa ilikuwepo? Mbona polisi uliwaambia vingine? Ushuhuda wa kanisani hauna upande wa pili. Ukimaliza ni vigelegele na sadaka.

Kwa hiyo mkisema mtu kama yeye anakana ushahidi, nauliza: aliletewa ushahidi upi, na aliyeuleta ni nani?

Fungu la Kumi

Dada pole kwa msiba. Lakini Biblia haina maneno mengi. Zaburi 14, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Warumi 1:20, kazi zake zinaonekana tangu kuumbwa ulimwengu, "hata wasiwe na udhuru". Ushahidi hautoshi kwa nani? Wengi wao wanataka kunywa na kuzini bila kuulizwa. Mtu asiyemcha Mungu hata ukimletea maiti iliyofufuka atapinga, Yesu mwenyewe alisema kwenye habari ya Lazaro na tajiri. Na mtu wa hivyo utamwamini vipi kwa lolote?

Boda wa Milimani

Mwenye muhtasari aweke hapa, niko stendi.

Karani wa Nyanza

Boda, subiri abiria apungue uusome wote.

Fungu la Kumi, asante kwa pole. Naanza na swali lako la mwisho. Mtu asiye na dini akija kutoa ushahidi, sheria ya viapo ya Kenya haimlazimishi kushika Biblia wala Kurani. Anathibitisha tu kwamba atasema kweli, na uzito wa maneno yake ni ule ule. Nimewasikiliza walioapa kwa Biblia wakadanganya hadi tarishi akainama kwa aibu. Nimewasikiliza waliothibitisha bila Biblia wakasema kweli iliyowaumiza wenyewe. Kwa hiyo kwenye hilo la kuaminika sikufuati hata hatua moja.

Na kwenye Biblia hiyo hiyo kuna Tomaso. Alisema hatasadiki mpaka atie kidole kwenye kovu za misumari. Yesu akarudi wiki moja baadaye akamwambia lete kidole chako. Ndiyo, alimwambia pia heri wasioona wakasadiki. Lakini kwanza alimpa kidole. Ndugu yangu aliomba dakika mbili akanyimwa.

Kuhusu kunywa na kuzini: wanywaji ninaowatafsiria kila Jumatatu asubuhi karibu wote wanamwamini Mungu. Wengine humtaja kwenye kujitetea.

Njoro Baridi

Nimekuwa nikisubiri uzi kama huu. Mimi ndiye yule kijana wa chuo mnayemsema. Simwamini Mungu, na ninaishi Njoro na mama anayefunga na kusali kila mwezi, tunapendana vizuri.

Karani, umeandika kwa upole kuliko wote humu na bado umenikosea. Hadithi yako inauma, lakini ona ulichofanya: umegeuza shaka kuwa kidonda. Kila tukisema hatuamini, watu wa Fungu la Kumi wanatafuta dhambi yetu na watu kama wewe mnatafuta jeraha letu. Mimi sina jeraha. Hakuna mchungaji aliyenila pesa, baba hakunipiga. Nilikaa nikapima hoja nikaona hazifiki. Kwa nini hilo halitoshi?

Hata neno lenyewe, "kukana". Anayekana anajua na anakataa. Petro alimkana Yesu kwa sababu alimjua. Mimi sijui, ndiyo maana sisadiki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 nchini wasio na dini. Si wote wasioamini Mungu, wengine hawana tu dini ya kuandikisha. Lakini sidhani wote hao ni walevi na majeruhi.

Nikutumie lugha yako. Mashahidi watano wanaingia, wote wanaapa kwamba wamemtambua. Wa kwanza anaonyesha mtu wa kushoto, wa pili wa kulia, wa tatu anasema ni wengi, wa nne anasema hana umbo, wa tano anasema ni yule ambaye babu yake alimsimulia. Na kila mmoja anamtambua yule yule waliyemtambua wazazi wake. Hakimu atafanyaje?

Halafu Solai. Mei 2018 bwawa lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa wakiwemo watoto, huku kwetu Nakuru. Baada ya hapo nilimsikia aliyeokoka akishukuru kwamba Mungu alimshika mkono. Sikumlaumu, ningeshukuru pia. Lakini huo mkono ukiuleta kama ushahidi, lazima nikuulize ulikuwa wapi nyumba ya pili.

Mlinda Mila

Haya ni mambo ya wazungu. Sisi Waafrika hatujawahi kubishana kama Mungu yuko. Waluo wana Nyasaye, Waluhya wana Were na Nyasaye. Babu zetu walimjua kabla ya misheni. Shaka imeletwa na shule.

Karani wa Nyanza

Njoro Baridi, umenipata. Nimeandika kana kwamba kila asiyeamini ni ndugu yangu. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana. Kuna anayekataa shahidi na kuna anayekataa hoja, na mimi niliwatia kapu moja kwa sababu wa kwanza ndiye ninayemjua. Samahani.

Kuhusu mashahidi watano: wakili wa upande wangu angesema kwamba kutofautiana kwao juu ya sura hakufuti kwamba kulikuwa na mtu pale. Lakini hiyo ni hoja ya kuokoa kesi iliyoanza kuyumba, najua, nimezitafsiri nyingi.

Mimi mizani yangu ni hii. Kwa kesi ya jinai, kwa ushahidi nilio nao, nisingemfunga mtu hata siku moja. Kwa kesi ya madai, inainama upande wa kwamba yuko. Inainamishwa na mambo madogo. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeshtakiwa wizi wa ng'ombe. Mlalamishi alikuwa amekataa kuja mara tatu, kesi ilikuwa ya kufutwa asubuhi hiyo, wakili ameshafunga faili. Yule mtu akaniita kwa mkono akasema polepole kwa Dholuo: "Mwambie hakimu niliiba." Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia sawa. Hakuna aliyemlazimisha, na alijua kabisa anaenda wapi. Nikatafsiri huku sauti inanitetemeka. Tangu siku hiyo, nikiulizwa kwa nini naamini, namwona yeye kabla sijaona jua wala nyota.

Mlinda Mila, hapo kwa babu zetu nenda taratibu. Profesa Mbiti wa Kenya alifundisha hivyo unavyosema, kwamba Mwafrika ana dini kila mahali alipo. Lakini Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ambaye lugha yake na Dholuo ni ndugu, alimpinga vikali. Alisimulia jinsi mapadri Waitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 nani aliwaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, swali likawa nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee hawakulielewa, mtu anazaliwa na mama yake. Waliposhikiliwa sana, mmoja akakumbuka kwamba mtu akishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo akapata kibyongo, husemwa amefinyangwa na Rubanga. Basi mapadri wakaandika kwamba Rubanga ndiye Muumba. Mtafsiri yeyote akisikia kisa hicho anatoka jasho. Unaweza kutoka na jibu zuri la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Njoro Baridi

Samahani imepokelewa. Huyo wa ng'ombe ana maelezo mengine, lakini. Dhamiri, malezi, uchovu wa kujificha. Arap Koske.

Karani wa Nyanza

Najua. Ndiyo maana nikasema kesi ya madai.

Mvuke wa Menengai

Nafanya kazi kwenye visima vya mvuke hapa Menengai. Kreta hii ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kwenye mapango yake watu huja kufunga na kusali siku nyingi, Wakristo wa kila aina. Sisi tunachoronga zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, wao wako juu wanaimba. Asubuhi yenye baridi ukipita unasikia vyote viwili.

Mama mmoja wa maombi aliwahi kuniambia ule mvuke unaotoka kwenye nyufa ni pumzi ya Mungu. Nikamweleza: maji ya mvua yanashuka, yanakutana na miamba ya moto, yanapanda tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe ukiusikia unapanda kwa mara ya kwanza, hukusema kitu?" Nilisema. Nilisema "Mungu wangu". Kisima kikifunguka mara ya kwanza ardhi inatetemeka mpaka kwenye meno.

Ila nakubaliana na kijana wa Njoro kwamba hilo si ushahidi. Kuna padri Mbelgiji, Georges Lemaître, ndiye aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na baadaye kwamba ulianza na kitu kidogo sana. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoizungumzia nadharia hiyo kana kwamba sayansi imethibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi. Alishikilia kwamba hesabu zake haziingii kwenye swali la Mungu, si kwa kulithibitisha wala kulipinga. Muumini kuliko wengi wetu, na bado alikataa kupewa ushahidi wa bure. Mimi huwa namfikiria nikisikia watu wakisema kila mwenye shaka na hoja fulani ana shida na Mungu.

Mwana wa Mumias

Assalaam alaykum. Kwetu tunasoma kwamba mtu huzaliwa na fitra, maumbile ya kumjua Mola, na Kurani 41:53 inasema atawaonyesha ishara zake pande zote na ndani ya nafsi zao. Lakini Imamu Ghazali mwenyewe, aliyekuwa mwalimu mkubwa Baghdad, alieleza kwamba kuna wakati alitilia shaka hata macho yake na akili yake, karibu miezi miwili. Anasema hakuponywa na hoja, aliponywa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mwaka 1095 akaacha kazi na heshima zote akaondoka. Msikitini kwetu ukisema una shaka utaitiwa wazee. Nadhani Ghazali angeitiwa pia.

Fungu la Kumi

Karani, taja kanisa hilo. Watu waonywe.

Na mimi nimeona muujiza kwa macho yangu, mama yangu alisimama baada ya miaka minne. Huo hakuna wakili wa kuuhoji.

Karani wa Nyanza

Sitataja. Sijaja hapa kwa ajili ya jina.

Kuhusu mama, namshukuru Mungu pamoja nawe, na sikusudii kukuhoji. Nikwambie tu kitu ambacho mahakimu hujikumbusha tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953: shahidi mmoja, tena mkweli asiye na sababu ya kudanganya, anaweza kukosea kabisa alichokiona, hasa kama mazingira yalikuwa magumu. Hawamwiti mwongo. Wanatafuta cha kumuunga mkono. Mtu akikuuliza daktari wa mama alisema nini, hajakutukana.

Boda wa Milimani

Nimemaliza kusoma. Nimepoteza abiria wawili. Karani, ndugu yako anaamini nini sasa?

Karani wa Nyanza

Sijui, Boda, na sijamuuliza. Jumapili hunipeleka kanisani kwa pikipiki yake, anakaa nje kwenye kivuli akimenya njugu, anasikiliza kwaya. Siku moja alisema sauti ya pili ilikuwa chini. Ni kweli ilikuwa chini.

Karani wa Nyanza

Wakuu, narudi kwa jambo moja. Jana usiku nilimpa ndugu yangu simu asome uzi huu wote, maana ni habari yake na nilipaswa kumuuliza kabla ya kuandika. Alisoma kimya, akaenda ndani, akatoka na lile daftari la samawati. Akasema, si wiki mbili. Ilikuwa siku 11 tangu ushuhuda. Nimeyaacha maneno yangu ya mwanzo kama yalivyo pale juu, aliyeyasoma aone kosa. Sahihi ni siku 11.